Mlango wa Chuo Kikuu: Historia ya Kuomba Nafasi ya Masomo ya Juu katika Kongo

1. Utangulizi

Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotangazwa, mitaa ya Lubumbashi, Bukavu, Kisangani na Kinshasa hujaa nyimbo. Vijana waliofaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani, akina mama hupiga vigelegele, na majirani huja kumpongeza mzazi. Kwa miaka mingi majina yalisomwa redioni, na familia nzima ilikaa kimya kuzunguka redio moja. Siku hizi matokeo hufika pia kwa simu ya mkononi. Lakini furaha hiyo haidumu. Baada ya muda mfupi kijana yuleyule huonekana amesimama mbele ya ofisi ya uandikishaji, faili mkononi, akingoja kuambiwa kama karatasi zake zimetimia au la.

Faili hilo ndilo jambo linalochunguzwa katika makala haya. Kwa kawaida huchukuliwa kuwa kitu cha ofisi tu: barua ya maombi, nakala ya diploma, matokeo ya miaka ya mwisho ya sekondari, cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema, cheti cha afya, picha. Hata hivyo, kila karatasi inayodaiwa ina historia yake. Mtu akiuliza ni lini karatasi fulani ilianza kudaiwa, na nani aliidai, atagundua upesi kwamba masharti ya kuingia chuo kikuu hueleza hofu na matumaini ya watawala wa wakati huo kuliko hotuba zao zote. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi ufunguo wa mlango huo ulivyobadilika mara nne katika Kongo: kwanza lugha ya Kilatini, pili mtihani mmoja wa taifa zima, tatu mgao wa majimbo, na nne uwezo wa kulipa. Aidha yataangalia hali ya mwombaji anayevuka mpaka, ambaye hana budi kuanza kuthibitisha upya kile alichokwisha kukithibitisha kwao.

2. Kabla ya chuo kikuu: njia ya seminari

Kwa muda mrefu wa utawala wa Wabelgiji hapakuwa na swali la kuomba nafasi chuoni, kwa sababu hapakuwa na chuo, wala hapakuwa na shule ya kumfikisha mtoto wa Kiafrika mlangoni pa chuo. Elimu ilikuwa mikononi mwa misioni, na shabaha yake ilikuwa kupata makatekista, walimu wa shule za msingi, makarani na mafundi. Aliyetaka kwenda mbali zaidi alikuwa na njia moja ya kweli, yaani seminari. Huko alifundishwa Kilatini, falsafa na teolojia kwa miaka mingi. Stefano Kaoze, mzaliwa wa upande wa magharibi wa ziwa Tanganyika, nchi ambako Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuota mizizi, alipata upadri mwaka 1917, akawa padri wa kwanza Mkongo wa nyakati hizo. Njia aliyopita ilikuwa ndefu, na ilimdai mtu maisha yake yote: aliyetoka seminari kabla ya upadri alitoka akiwa na elimu nyingi lakini bila cheti ambacho chuo kikuu kingeweza kukipokea.

Wachache sana walipita nje ya njia hiyo. Paul Panda Farnana, aliyepelekwa Ubelgiji angali mtoto, alisomea kilimo huko mwanzoni mwa karne ya 20. Habari yake haikuwa mwanzo wa desturi, bali ilibaki kuwa tukio la pekee. Nchini kwenyewe zilianzishwa shule za kutoa wasaidizi. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain kilianzisha FOMULAC mwaka 1926 kwa ajili ya kazi za tiba, na CADULAC mwaka 1932 kwa ajili ya kilimo. Kazi zao zilikuwa na makao Kisantu. Waliohitimu katika shule za namna hiyo waliitwa wasaidizi wa waganga au wasaidizi wa kilimo. Neno «msaidizi» lilikuwa na uzito wake. Lilitaja kazi ya mtu, na papo hapo likataja mwisho wa safari yake ya masomo.

Mabadiliko yalianza mwaka 1948, serikali ilipotoa mpango mpya wa elimu ulioruhusu sekondari kamili ya miaka sita kwa Wakongo. Hesabu yake ni rahisi: mtoto aliyeingia darasa la kwanza la sekondari hiyo mwaka 1948 angemaliza mwaka 1954. Ni mwaka uleule ambao chuo kikuu cha kwanza kilifungua milango yake.

3. Lovanium na Élisabethville: Kilatini na jina la shule

Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954 juu ya mlima karibu na Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa. Ilizaliwa na Louvain, na jina lake ni jina la Louvain kwa Kilatini. Rekta wake, Monsinyori Luc Gillon, pamoja na wenzake, walishikilia jambo moja: diploma ya Lovanium iwe sawa na ya Ubelgiji, isiwe diploma ya daraja la pili iliyotungwa kwa ajili ya Waafrika. Msimamo huo ulikuwa wa heshima, na waliosoma hapo walijivunia hadi uzee. Lakini ulikuwa na gharama yake. Ikiwa diploma ya kutoka ni sawa na ya Ubelgiji, masharti ya kuingia nayo hayana budi kuwa sawa na ya Ubelgiji.

Hapo ndipo Kilatini kilipokuwa ufunguo. Katika sheria za Ubelgiji za wakati huo, vitivo vyenye hadhi kubwa vilimtaka mwombaji awe amesoma sekondari yenye Kilatini, na kwa masomo kadhaa Kigiriki pia, na cheti chake kiwe kimethibitishwa na tume. Mkongo aliyetoka shule ya ualimu au shule ya ufundi, hata angekuwa na akili nyingi kiasi gani, hakuwa na karatasi hiyo. Ndiyo maana Lovanium ilikuwa na mwaka wa matayarisho kabla ya masomo yenyewe, ili kuwainua wale ambao sekondari zao hazikuhesabiwa kuwa zimetimia. Mwaka huo ulikuwa daraja kwa wengi, na kwa wengine ulikuwa kichujio.

Ugumu huohuo uliwakabili waliotaka kusoma Ulaya. Thomas Kanza aliingia Louvain mwaka 1952 na kuhitimu mwaka 1956, akiwa Mkongo wa kwanza asiye padri kupata digrii ya chuo kikuu. Marcel Lihau, aliyetamani sheria, alihitaji msaada wa Wajezuiti waliomfundisha Kilatini na Kigiriki ili aweze kupita mtihani wa kuingia. Sheria lilikuwa somo ambalo utawala wa kikoloni uliliangalia kwa wasiwasi, kwa kuwa anayejua sheria hujua pia kuuliza kwa haki gani anatawaliwa. Baadaye Lihau alikuwa rais wa kwanza wa Mahakama Kuu ya nchi yake. Lakini ili afike kwenye sheria ya Kongo, ilimpasa kwanza kupita katika lugha za Roma na Athens.

Mwaka 1956 chuo cha pili kilifunguliwa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Kilikuwa chuo cha serikali, kikiitwa Chuo Kikuu Rasmi cha Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Kilitokana na siasa ya waziri Auguste Buisseret, mliberali aliyetaka shule zisizo za kanisa, na ugomvi wake na misioni ulivuma sana miaka hiyo. Kwa maandishi, chuo hicho kilikuwa wazi kwa watu wa rangi zote. Kwa vitendo, katika miaka ya mwanzo Wazungu walikuwa wengi kuliko Waafrika. Sababu si vigumu kuitambua. Sekondari nyingi za Waafrika zilikuwa za misioni, nazo misioni ziliwaelekeza wanafunzi wao Lovanium. Shule za serikali zilizowapokea watoto Waafrika zilikuwa changa, hazijatoa bado wahitimu. Hivyo mlango ulikuwa wazi, lakini barabara ya kuufikia ilikuwa haijakatwa. Funzo hili litarudi mara nyingi katika historia inayofuata: mlango wa chuo kikuu hufunguliwa au kufungwa kwanza katika shule ya msingi.

Tarehe 30 Juni 1960, nchi ilipopata uhuru, Wakongo waliokuwa na digrii ya chuo kikuu hawakufika thelathini.

4. Uhuru na mtihani mmoja

Ofisi zilizoachwa wazi na Wabelgiji zilihitaji watu mara moja. Kwa hiyo katika miaka ya 1960 swali la nani aingie masomo ya juu lilijibiwa kwa haraka na kwa njia kadhaa. Mwaka 1961 ilianzishwa shule ya taifa ya sheria na utawala, ENDA, ili kuwatayarisha mahakimu na watumishi wa serikali bila kungoja sekondari zote zikamilike. Mwaka 1963 Waprotestanti walifungua Chuo Kikuu Huru cha Kongo mjini Stanleyville, yaani Kisangani. Mwaka uliofuata waasi wa Simba waliuteka mji huo, na chuo kikalazimika kukimbilia Léopoldville. Kwa mara ya kwanza wanafunzi wa Kongo walijifunza kwamba nafasi iliyopatikana kwa shida yaweza kupotea kwa vita, na kwamba faili laweza kubaki katika mji usiofikika tena.

Wanawake nao walianza kuonekana. Sophie Kanza alihitimu Lovanium mwaka 1964, akawa mwanamke wa kwanza Mkongo kupata digrii ya chuo kikuu, na mwaka 1966 akawa waziri. Ikumbukwe kwamba shule nyingi za wasichana wakati wa ukoloni ziliwatayarisha kwa kazi za nyumbani au kwa ualimu, zikawanyima ule mpango wa sekondari uliofungua chuo. Kilatini hakikuwa kimewafungia njia wasichana wengi kwa sababu hawakuwahi hata kukaribishwa kukikosa.

Lakini tatizo kubwa lilikuwa la vyeti. Shule zilikuwa zimeongezeka haraka, walimu walitoka kila upande, na cheti cha shule moja hakikuwa na thamani sawa na cha shule nyingine. Tume ya kuthibitisha vyeti ilitazama karatasi. Kiwango cha mtoto mwenyewe hakikuonekana humo. Ndipo mwaka 1967 ulipofanyika Mtihani wa Serikali wa kwanza. Shabaha yake ilikuwa wazi: maswali yaleyale, siku zilezile, kwa mtoto wa misioni ya Wajezuiti na kwa mtoto wa shule ya pembeni ya msitu. Anayefaulu apewe Diploma ya Serikali, na diploma hiyo ndiyo iwe cheti cha kuingilia masomo ya juu nchini kote.

Katika historia ya elimu ya Kongo hili ni tendo kubwa. Taifa changa lilijitwalia mamlaka ya kusema ni nani aliyemaliza sekondari, mamlaka yaliyokuwa mikononi mwa tume na sheria za Ubelgiji. Padri mkuu wa shule hakuweza tena kumfungulia kijana mlango kwa barua yake peke yake, wala kumfungia kwa chuki. Lakini usawa wa maswali si usawa wa matayarisho. Mtoto aliyesoma na maabara na mtoto aliyesoma kwa kunakili ubao waliketi mbele ya karatasi moja, na karatasi haikujua tofauti yao. Juu ya hayo, karatasi hiyo iliandikwa kwa Kifaransa. Mpango wa elimu wa mwaka 1962 ulikuwa umefanya Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia tangu shule ya msingi, hata katika majimbo ya mashariki ambako watoto walikuwa wamezoea kuanza kwa Kiswahili. Hivyo aliyefeli hakuweza kujua kwa hakika kama alishindwa na hesabu au na lugha iliyouliza hesabu.

5. UNAZA na mgao wa majimbo

Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliandamana mjini Kinshasa, na wanajeshi wakawapiga risasi. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Juni 1971, wanafunzi walipotaka kuwakumbuka wenzao, serikali ya Mobutu iliifunga Lovanium na kuwaandikisha jeshini kwa nguvu. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo vyuo vikuu vitatu viliunganishwa kuwa kimoja, ambacho baada ya nchi kuitwa Zaïre, mwezi wa Oktoba, kilijulikana kama Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaïre, kwa kifupi UNAZA.

Kuanzia hapo mwombaji hakuomba tena Lovanium, wala Lubumbashi, wala Kisangani. Aliomba UNAZA, na UNAZA ndiyo iliyomwambia aende wapi. Vitivo viligawanywa: udaktari, sheria na uchumi vilikaa Kinshasa, lugha na fasihi, sayansi za jamii na tiba ya wanyama vilikaa Lubumbashi, saikolojia na elimu ya ualimu vilikaa Kisangani. Kijana wa Bukavu aliyetaka kuwa daktari hakuwa na budi kuvuka nchi nzima hadi Kinshasa. Kijana wa Matadi aliyetaka fasihi alivuka nchi kwa upande wa pili hadi Lubumbashi.

Mpango huo ulifuatwa na matokeo ambayo huenda hayakukusudiwa. Kitivo cha Fasihi kilipohamia Lubumbashi, wanafunzi na walimu kutoka Kasai, Équateur na Bas-Zaïre walijikuta katika mji unaosema Kiswahili. Darasani walisikia Kifaransa. Sokoni, ndani ya basi, kwa muuza makala na kwa mama wa nyumba walikopanga, walihitaji Kiswahili. Haishangazi kwamba ni Lubumbashi iliyokuwa makao ya utafiti wa lugha katika miaka ya 1970, na kwamba semina ya kwanza ya wanaisimu wa Zaïre ilikutana humo mwezi wa Mei 1974, ikidai lugha za nchi zirudishwe shuleni. Wasomi wa Kiswahili wa Kongo wanadaiwa shukrani na uamuzi uliokuwa na nia nyingine kabisa.

Pamoja na ugawaji wa vitivo ulikuja ugawaji wa nafasi kwa majimbo. Hoja yake ilikuwa na nguvu. Shule za misioni hazikuenea sawa. Majimbo ambayo misioni zilianza mapema na kwa wingi, yalijaza vyuo, na mengine yalikuwa na wahitimu wachache. Kama mtihani peke yake ungeamua, ukoloni ungeendelea kuamua. Mgao uliahidi kwamba kila jimbo litapata sehemu yake ya wasomi.

Lakini mgao ulileta swali jipya ndani ya faili: wewe ni wa wapi? Swali hilo halikujibiwa na mahali alipozaliwa mtu wala aliposoma, bali na asili ya baba yake. Kijana aliyezaliwa Lubumbashi, aliyesoma Lubumbashi na asiyejua mji mwingine, alihesabiwa katika jimbo ambalo pengine hakuwahi kuliona. Wawili walioketi dawati moja na kupata asilimia moja waliweza kupewa majibu tofauti. Aliyekosa nafasi kwa alama zilizompa mwenzake nafasi hakuilaumu historia ya misioni, alimlaumu mwenzake. Katika mji kama Lubumbashi, ambao ulijengwa na watu wa kila upande tangu kuanza kwa migodi, zoea hilo la kuuliza asili lilikuwa na hatari kubwa, na matukio ya mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga kwa maelfu, yaliuonyesha ubaya wake. Haiwezi kusemwa kwamba mgao wa chuo ndio uliosababisha maafa hayo. Yaweza kusemwa kwamba kila karatasi iliyouliza asili ya baba ilimfundisha kijana kwamba swali hilo ni halali.

6. Milango mingi, ufunguo ghali

Mwaka 1981 UNAZA ilivunjwa, na vyuo vitatu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani vikarudishiwa uhai wake. Lakini serikali ilikuwa haina tena fedha. Burse, ambayo katika miaka ya kwanza ilimtosha mwanafunzi kula, kulala na hata kumtumia mama yake kidogo, ilipungua thamani mwaka hata mwaka hadi ikawa jina tu. Minervali, yaani ada ya masomo, ikawa mzigo wa mzazi.

Mwaka 1989 elimu ya juu iliruhusiwa kwa watu binafsi na makanisa. Vyuo vikuu vya Kikatoliki vilianzishwa Bukavu na Butembo, na upesi Mbujimayi nayo ikapata chuo chake. Kwa mwombaji wa mashariki hili lilikuwa jambo kubwa: kwa mara ya kwanza aliweza kusoma bila kuvuka nchi. Tukio la usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, watu wenye silaha walipowashambulia wanafunzi katika kampasi ya Lubumbashi, liliwafanya wazazi wengi waogope kupeleka watoto mbali. Idadi ya waliokufa usiku ule ingali inabishaniwa. Serikali ya wakati huo ilikiri kifo kimoja tu. Tangu hapo, swali la «aende chuo gani» lilibeba na swali la «atarudi?».

Vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998 viliyafanya mambo kuwa magumu zaidi, kwa kuwa nchi iligawanyika na vyuo vya mashariki vikakatwa na Kinshasa. Hata hivyo vyuo havikufungwa vyote. Familia ziliuza mbuzi, ziliuza kiwanja, ziliungana ukoo mzima kumlipia mtoto mmoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wasema wahenga, na wazazi wa Kongo wameinama sana.

Tangu wakati huo masharti yenyewe yamekuwa mepesi kwa maandishi. Diploma ya Serikali hufungua vitivo vingi, ingawa baadhi hudai asilimia ya juu, na vitivo kama udaktari na politekniki aghalabu huongeza mtihani wao wa kuingia. Majina ya waliokubaliwa hubandikwa kwenye valve, kama wanafunzi wenyewe wanavyoliita bao la matangazo. Lakini chini ya jina lililobandikwa kuna tarehe ya mwisho ya kulipa. Wengi huishia hapo. Wamefaulu mtihani, wamekubaliwa na kitivo, na bado hawakuingia. Kilatini kiliwazuia wachache kwa jina la elimu. Minervali huwazuia wengi bila kuhitaji jina lolote.

7. Mwombaji anayevuka mpaka

Historia ya mwanafunzi mgeni ni ya zamani kama vyuo vyenyewe. Chuo cha Élisabethville kilibeba katika jina lake watu wa Ruanda-Urundi, na kabla ya chuo cha Butare kufunguliwa mwaka 1963, vijana wa nchi hizo mbili walikuwa miongoni mwa waliobisha hodi katika vyuo vya Kongo. Leo msafara huenda pande zote. Vijana wa Goma, Bukavu, Uvira na Bunia huomba nafasi Kampala, Nairobi, Dar es Salaam, Kigali na Bujumbura.

Huko hukutana na mlango wa namna nyingine. Shule za Uganda na Tanzania zilirithi mpango wa Kiingereza, ambapo sekondari huishia katika ngazi mbili, ya kawaida na ya juu, kwa mitihani miwili. Kenya ilikuwa na ngazi hizo pia kabla ya kuziacha kwa mpango ulioanza mwaka 1985. Diploma ya Serikali ya Kongo hutolewa baada ya miaka kumi na miwili ya shule, kwa asilimia, na kwa Kifaransa. Baraza la mitihani la nchi mwenyeji halina budi kuamua asilimia hizo ni sawa na madaraja gani. Huo ndio ulinganifu wa vyeti: kazi ya kutafsiri nambari, ambayo hufuatwa na kazi ya kutafsiri karatasi, na mara nyingi na miezi ya kujifunza Kiingereza. Jambo la kushangaza ni kwamba mwombaji na karani wa Dar es Salaam huweza kusalimiana, kueleweshana na hata kutaniana kwa Kiswahili, kisha wakatenganishwa na vyeti viwili ambavyo kimoja kimeandikwa kwa Kifaransa na kingine chatakiwa kwa Kiingereza.

Yuko pia Mkongo anayerudi nyumbani kama mgeni. Katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, watoto wa wakimbizi wa Kongo walisoma katika shule zilizofuata mpango wa Kongo, kwa tumaini kwamba vyeti vyao vingetambuliwa siku ya kurudi. Wazazi hao waliona mbali. Mtoto anayesomea mpango wa nchi nyingine, akirudi, lazima apeleke cheti chake wizarani kutafutiwa ulinganifu kabla chuo hakijampokea. Raia kwa damu, mgeni kwa karatasi.

Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, na mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya hiyo. Wakati huohuo vyuo vya Kongo vilianza kuacha mpango wa miaka mitatu ya graduat na miwili ya licence, uliotoka enzi za UNAZA, na kuingia mpango wa licence, master na daktara ambao nchi nyingi zinaufahamu. Kwa maandishi, mipaka imelegea. Itabidi kuangalia kama mwombaji wa Uvira atauona ulegevu huo dirishani, au ataendelea kuusikia katika hotuba.

8. Hitimisho

Tangu 1954 mlango wa chuo kikuu katika Kongo umelindwa na Kilatini, na mtihani, na mgao, na fedha. Kila mlinzi alikuja na sababu nzuri. Kilatini kililinda heshima ya diploma. Mtihani ulileta haki baada ya upendeleo. Mgao ulitaka kusahihisha ukoloni. Ada ililinda uhai wa vyuo ambavyo serikali ilivitelekeza. Na kila mmoja aliacha nje watu ambao hawakuwa na kosa.

Mlinzi wa tano hakutajwa kamwe katika masharti, ingawa alikuwapo siku zote, nayo ni lugha. Mtoto wa mashariki huota, huhesabu na hubishana kwa Kiswahili, lakini barua yake ya kwanza kwa chuo kikuu huandikwa kwa lugha ambayo mara nyingi hukopa kwa mwalimu au kwa jirani. Si lazima Kifaransa kiondolewe ili jambo hilo lipunguzwe uzito. Masharti ya kujiandikisha, orodha ya karatasi zinazotakiwa, tarehe na ada zaweza kubandikwa kwa Kiswahili Lubumbashi, Bukavu, Goma na Kisangani kando ya Kifaransa, ili mzazi anayelipa asome mwenyewe anacholipia. Idara za Kiswahili zina watu wa kuifanya kazi hiyo, na haihitaji fedha nyingi.

Faili la mwombaji ni jembamba. Ndani yake mna miaka kumi na miwili ya mtoto na jasho la ukoo mzima. Ofisi inayolipokea haiwezi kuahidi nafasi kwa kila mtu. Lakini yaweza kumwambia kila mtu, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekubaliwa na kwa nini amekataliwa.